Redio Isiyongoja Kuitikiwa

Jamani mliofika, wakubwa zangu shikamooni, na nyie wadogo marahaba, nawajibu kabla hamjanipa maana najua mtasahau. Sogeeni mbele, nafasi ipo. Simng'ati mtu, meno yenyewe yamebaki matatu na mawili kati yao hayasemezani. Nimeambiwa niwaeleze kazi yangu nyie mnaoipokea. Mimi shule sikwenda. Penseli nikiishika inatoka jasho yenyewe. Lakini hakuna kilima hapa Karagwe ambacho kisigino changu hakikijui, kwa hiyo nitegeeni masikio.

Kazi yangu ilikuwa moja miaka yote, vyombo ndivyo vilibadilika. Kuwapelekea vijana wa milimani maneno ya mtu aliye mbali. Basi. Mtu amekaa Bukoba au Dar es Salaam, ana jambo la kuwaambia vijana wa Bugomora, hawezi kufika. Mimi nafika.

Nilianza ndevu bado hazijajua njia ya kidevuni kwangu. Wakati ule vikundi vya vijana vilikuwa vya makanisani, na barua za mafundisho zilitoka Bukoba kwa miguu. Zilimfikia mwalimu mmoja wa dini pale Bugene, Mwalimu Zakaria, mtu mwembamba sana, akisimama kiubavu mvua inampita. Milima ilikuwa mingi na mwalimu alikuwa mmoja. Akaniita kwa sababu nilikuwa na koo. Nikikohoa Bugene, Kamuli wanasema pole.

Ananisomea barua mara mbili, naishika kichwani yote, kisha natembea kilima kwa kilima kuwatolea vijana. Kushika sikukosea hata neno. Kosa langu lilikuwa kuongeza. Barua ya mistari sita ikifika Bugomora ilikuwa ya mistari sitini, ina simba ndani yake.

Siku moja barua ilisema vijana waje Alhamisi na majembe kupanda mibuni ya kikundi. Mimi nikaona maneno yamepooza, nikaongeza kwamba kutakuwa na nyama. Mawe, mama yangu wee! Walikuja mpaka watu wenye mafua. Walilima shamba lile kabla jua halijatoka vizuri, wakakaa chini, wakatazama njia. Mwalimu Zakaria akaniuliza, "Wanangoja nini hawa?" Nikamwambia. Hakunipiga. Alikwenda nyumbani kwake, akafungua mbuzi wake wa pekee, akamleta kwa kamba. Walipomaliza kula akaniambia, "Rutaihwa, mwanangu, wewe chumvi tia kwenye chakula chako. Maneno ya watu wape kama yalivyo, maana wewe unaondoka, wao wanabaki nayo." Niliitikia ndiyo. Kuitikia ni rahisi sana.

Baadaye ikaja santuri. Hiyo niliibeba kichwani, na sahani zake nikazifunga kwenye majani makavu ya migomba zisipasuke. Sindano zikiisha tulitumia mwiba wa mlimau, ila mwimbaji anasikika kama anaumwa jino. Vijana walipenda, lakini santuri ina ugonjwa mmoja: inasema lile lile. Mara ya tatu wanaimba kabla yake, mara ya nne wamekwenda kucheza mpira.

Halafu vita kubwa ya pili ikaisha, ikapita miaka, ikaja redio.

Aliyeileta ni Bwana Ishengoma, mtu wa kwao Bukoba, Mlutheri, tulimwita Bwana Maendeleo. Shati jeupe hata kwenye tope, sijui alikuwa anaruka. Alinifundisha siku tatu. Betri ilikuwa na uzito wa mbuzi mwenye mimba ya mapacha. Waya wa kunasia sauti tuliupandisha juu ya mkaratusi, na mwisho wake ukachomekwa nyuma ya kisanduku. Nyie mnaoichukua kazi hii, sikieni: betri usiiweke juu ya udongo, itandikie majani makavu. Mvua ikija vua koti lako uifunike, wewe utakauka, yenyewe haikauki. Fungua dakika chache kabla ya kipindi, kikiisha funga. Watakuomba uache muziki kidogo tu, wacheze. Kataa. Watakuita majina. Mimi niliitwa majina ambayo hayana hata Kiswahili chake.

Kipindi cha vijana kilikuwa Jumamosi jioni, jua bado lipo. Redio ilikuwa moja na vikundi vitatu, kwa hiyo Jumamosi moja Bugene, inayofuata Kamuli, ya tatu Bugomora. Baiskeli niliifunga redio nyuma na betri mbele, nikipanda mlima naisukuma, nikiteremka inanisukuma yenyewe. Kule Bugomora tulikaa mbele ya ghala la kahawa la mzee mmoja, Ta Bitegeko. Vijana walianika kahawa yake, yeye akawapa uwanja.

Siku ya kwanza pale Bugomora sauti ikatoka kwenye kisanduku: "Hamjambo vijana popote mlipo." Vijana wakafungua midomo waitikie, sauti imeshakwenda kwenye mambo ya mbolea. Ta Bitegeko akasimama.

"Mgeni gani huyu?" akasema. "Anauliza hali, hangoji jibu. Anatusalimu au anatutupia?"

"Ta Bitegeko, huyu yuko Dar es Salaam, waitu, mzee wangu. Hawezi kutusikia."

"Kama hawezi kutusikia, kwa nini anatuuliza?"

Nikamtazama Bwana Ishengoma, siku hiyo tulikuja naye. Bwana Ishengoma akatazama viatu vyake. Mpaka leo jibu la swali lile sijalipata, mwenye nalo anipe.

"Chombo kisicho na adabu hakikai uwanjani kwangu," akamaliza Ta Bitegeko, akaanza kuondoa viti.

Nyie mnajua salamu zetu. Mtu umuulize alivyoshinda, nyumba yake, watoto, migomba, ng'ombe, kisha apewe kahawa ya kutafuna, ndipo aseme alilolijia. Nikapata akili, na nilijisifu nayo kweli kweli. Sauti ikishasema hamjambo, mimi nazungusha kidude, naipunguza mpaka inakaribia kuzimika. Watu wote wanaitikia taratibu, wanamuuliza huyo bwana habari za Dar es Salaam, Ta Bitegeko anamwekea kahawa kwenye kikapu juu ya kisanduku. Wakimaliza napandisha. Mzee aliridhika. Tulikuwa tunapoteza mwanzo wa kipindi, lakini mwanzo ulikuwa nini? Salamu za vijana walio mbali na kwao, majina ya watu tusiowajua. Nikaona hasara haipo.

Sasa hapo niwacheleweshe kidogo, mtu mmoja aingie. Ma Nyamwiza.

Ma Nyamwiza alikuwa mjane, migomba yake iko chini ya ghala. Mwanawe mmoja tu, Katunzi, ndiye aliyekuwa kijana wa kwanza kujiandikisha kikundi cha Bugomora. Wakapita watu wanaokwenda Buganda kutafuta vibarua, akaenda nao. Mwaka wa kwanza alituma salamu kwa mdomo wa mpita njia. Baadaye mtu akasema amemwona ameshuka na meli kwenda Mwanza. Baadaye hakuna aliyesema kitu. Kahawa ikachumwa mara saba.

Kila zamu ya Bugomora mama huyu alikuja kukaa na vijana. Mwanzo walimtania. "Ma, na wewe unajiunga? Miaka mingapi?" Anajibu, "Mingi kuliko akili zako." Lakini yeye hakuwa anasikiliza mbolea. Kipindi kikiisha ananivuta shati. "Ta Rutaihwa, sauti hii imetoka mbali. Lazima imepita njiani. Haikumkuta?" Ningemweleza nini, na mimi mwenyewe sijui inapita wapi? Nasema, "Leo haikusema, Ma." Anasema haya. Anateremka kwake.

Basi Jumamosi moja. Nimefungua, sauti imesema hamjambo, nimeipunguza kama desturi, watu wanaitikia kwa raha zao, wamefika kwenye ng'ombe. Kidole changu kiko kwenye kidude, sikio langu liko karibu na kisanduku. Na ndani humo, sauti ndogo kama ya sisimizi, nikasikia: "...Katunzi, wa Bugomora, Karagwe."

Nikapandisha haraka. Sauti ikasema, "Na sasa tuje kwenye kupogoa mibuni."

Uwanja mzima hakuna aliyesikia. Ila Ma Nyamwiza hakuwa anatazama kisanduku. Alikuwa ananitazama usoni.

"Ta Rutaihwa. Umesikia nini?"

"Katunzi," nikasema. "Nimesikia Katunzi wa Bugomora."

Mama akasimama, kanga imemdondoka begani haioni.

"Anasemaje?"

Sikujua anasemaje. Nilikuwa na jina tu mkononi, basi. Lakini jamani, mama amesimama, na mimi nina mdomo huu mliouzoea. Nikasema, "Anakusalimu sana, Ma! Yuko Mwanza, mzima kama ndama, amenenepa mpaka shingo haionekani!"

Ma Nyamwiza alipiga kigelegele kilichovuka bonde. Vijana wakamnyanyua. Jumapili amesema kanisani. Jumatatu amekata ndizi za kukamulia pombe ya rubisi. Mimi nilirudi Bugene na baiskeli ile ile, mzigo ule ule, ila mteremko ulikuwa umekuwa mlima.

Bwana Ishengoma akanikuta siku ya tatu, habari imeshamfikia. "Hongera, Ta. Alikuwa anafanya kazi gani huko Mwanza?"

Nikakohoa.

"Ta Rutaihwa," akasema polepole. "Pale mwanzo wanasoma salamu. Lakini wakati mwingine wanasoma na majina ya vijana waliofariki huko kazini, ili kwao wapate habari. Ulisikia kipi?"

Nikakaa chini. Nikamwambia yote, ile ya kupunguza sauti na ile ya ndama.

Hakunigombeza. Alivua kofia tu, akasema, "Nitakwenda na wewe."

"Hapana," nikasema. "Hii barua nilipeleka mwenyewe."

Baiskeli niliiacha. Safari ile nilikwenda kwa miguu, na kwa mara ya kwanza maishani nilisali njia iwe ndefu. Nikamkuta Ma Nyamwiza anachuja rubisi. Akanikaribisha, akanipa kahawa ya kutafuna. Niliishika mkononi, sikuweza kuitia mdomoni.

"Ma," nikasema, "mimi nilisikia jina. Jina na Bugomora. Mengine niliyasema mimi."

Aliendelea kuchuja.

"Mwanza?"

"Mimi."

"Kunenepa?"

"Mimi, Ma."

"Basi hujui kama yu hai."

"Sijui."

Akaweka kibuyu chini. Nilitegemea anitukane, nilitamani anitukane. Akasema, "Siku tatu hizi nimelala usingizi. Miaka saba sikulala hivyo. Umefanya vibaya, Ta Rutaihwa. Lakini usiuchukue uongo wako wote leo. Niachie kidogo, mpaka nipate ukweli wa kuweka mahali pake."

Sijapigwa fimbo iliyouma kama maneno yale. Na mimi nimepigwa na wataalamu.

Jioni ile ile vijana wakakusanyika ghalani. Nikasimama mbele yao nikasema nilichofanya. Ta Bitegeko alikuwepo, akasema, "Na mimi nimo. Ni salamu zangu zilizomfunika. Kuanzia leo tumsalimie huyo bwana kabla hajafunguliwa. Akishafunguliwa, kimya." Tukafanya hivyo, na nyie fanyeni hivyo, wazee wa huku hawajabadilika.

Katibu wa kikundi alikuwa binti mmoja, Kemilembe, mwandiko wake umenyooka kama mistari ya kahawa. Wakasema tuandike Dar es Salaam, wasome tena salamu zile. Nikaanza kumtajia maneno: "Andika, sisi vijana elfu moja wa Bugomora, tunaolia machozi ya damu..."

Kemilembe akaweka kalamu chini. "Ta, nyamaza."

Akaandika mistari miwili. Tulikosa kusikia salamu za Katunzi wa Bugomora, mama yake anaomba zisomwe tena, kama ni heri au ni msiba. Akatusomea. Hakuna aliyekuwa na la kuongeza, hata mimi.

Ikabaki taabu nyingine. Hatujui watasoma Jumamosi ipi, na Bugomora ina zamu moja tu katika tatu. Kemilembe na wenzake wawili wakatembea mpaka Kamuli, kisha Bugene, kuomba zamu zao. Kamuli mwenyekiti wao, kijana mwenye domo, akawaambia, "Bugomora mmeshiba matoke sasa mnataka kushiba na redio?" Wenzake wakacheka. Kemilembe akamuuliza, "Kaka yako Rweikiza yuko wapi?" Rweikiza alikuwa Buganda, hajulikani kijiji. "Na wa kwako?" akamgeukia mwingine. Wakamaliza duara zima hivyo.

Zamu walizitoa. Si hivyo tu, Jumamosi iliyofuata Kamuli walikuja wenyewe, na Bugene wakaja. Kila mmoja na barua yake mfukoni anamtafuta ndugu yake. Nawaambieni nyie mnaochukua kazi, miaka yote niliwabembeleza vijana waje kusikiliza, kwa ngoma, kwa santuri, hata kwa nyama ya uongo. Hawakuja hivyo. Walikuja walipojua kwamba kisanduku kinaweza kumtaja mtu wao.

Jumamosi ya kwanza, hakuna. Majina ya watu wa Tanga, watu wa Dodoma. Ma Nyamwiza amekaa mbele kabisa, mikono kwenye magoti. Kipindi kikaisha, akasema haya, akateremka.

Ya pili, hakuna.

Ya tatu, betri ikaanza kuchoka. Sauti ikawa kama nyuki ndani ya kibuyu. Betri mpya ilikuwa bado iko Bukoba, inangoja gari. Hiyo wiki niliishi na betri ile kama mgonjwa. Mchana naianika juu ya jiwe la moto, ikipata joto inarudisha roho kidogo, jua likipungua naiingiza ndani na kuifunika blanketi langu. Mke wangu akaniuliza yeye atajifunika nini. Nikamwambia subira.

Jumamosi ya nne uwanja haukuwa na pa kuweka mguu. Tukasalimu kwanza, tukamaliza mpaka ng'ombe. Ndipo nikafungua. Watu mnajua jinsi wanavyonyamaza kanisani? Hapana, kanisani kuna kikohozi. Pale hakukuwa na kikohozi.

Hamjambo vijana, ikasema sauti, iko mbali sana, inakuja na kuondoka. Ikasoma jina la kwanza, ikasoma la pili. Kisha ikasema vijana wa Bugomora wameomba turudie.

Kemilembe alikuwa amemshika Ma Nyamwiza mkono. Ta Bitegeko amefumba macho.

"Mimi Katunzi, mzaliwa wa Bugomora, Karagwe, niko Mwanza kwenye kiwanda cha kuchambua pamba. Namsalimu mama yangu Nyamwiza. Mama, sijafa. Niliumwa mwaka mzima, nimepona. Ninaona haya kurudi mikono mitupu, wenzangu wote wamejengea mama zao. Nimeshapata mabati manane. Nikitimiza thelathini nitakuja niezeke nyumba yako, usilale tena chini ya nyasi. Nivumilie, mama, nisirudi kabla ya..."

Hapo betri ikakata. Niliigonga, nikazungusha kidude mpaka mwisho, hakuna kitu, ubao mtupu.

Vijana wengine walikuwa wanafuta macho na kujifanya ni vumbi, na mvua ilikuwa imenyesha asubuhi. Wote tukamtazama mama. Alikaa vile vile, mikono kwenye magoti, anakitazama kisanduku kilichozimika. Midomo yake ikawa inahesabu. Nane. Thelathini. Miaka saba.

Kisha akageuka akatutazama, mmoja mmoja, kwa hasira ambayo sijawahi kuiona kwake.

"Mabati?" akasema. "Nani kamwambia navujiwa?"